Fundi Aliyekuja na Kiroba cha Samadi

Fundi hakuwahi kuingia nyumbani kwetu kwa mlango wa mbele. Alisukuma geti, akapita ubavuni mwa nyumba, akaenda moja kwa moja nyuma ya zizi, na hapo alisimama juu ya mtambo akiwa amefunga mikono mgongoni, akinusa. Akimaliza kunusa aliinama kwenye beseni la kuchanganyia samadi, akachota kidogo kwa kijiti, akakikagua, kisha akazunguka upande wa pili kutazama tope linavyotoka. Halafu jikoni. Alikuwa na kiberiti chake mwenyewe mfukoni mwa shati, ingawa sijawahi kumwona akivuta sigara, na hakuwasha jiko la mtu kwa kiberiti cha mwenye nyumba hata siku moja. Alifungua koki, akawasha, akainamisha uso mpaka nikawa naogopa kwa ajili ya nyusi zake. Moto ukiwa wa bluu aliuzima, akarudisha kiberiti mfukoni, na hapo ndipo aliponitazama kama mtu aliyefika sasa hivi.

"Shikamoo Fundi."

"Marahaba Mwalimu. Habari za hapa?"

Nilimwambia mara nyingi kwamba hayo si malezi, kusalimia shimo kabla ya kusalimia watu. Alinijibu kwamba watu wakiumwa husema wenyewe.

Buswelu ina mafundi wengi, wa magari, wa cherehani, wa kuezeka, lakini ukisema Fundi bila kuongeza neno, mtaani kwetu walijua ni yeye, mjenzi wa mitambo ya biogesi. Kwa asiyeujua, mtambo ni chungu kikubwa cha matofali kilichozikwa ardhini. Unaingiza samadi na maji upande mmoja, vinaoza mle ndani pasipo hewa, gesi inapanda kwa bomba mpaka jikoni, na upande wa pili linatoka tope ambalo halinuki tena na ambalo mboga hulipenda kuliko mbolea ya dukani. Haya nayajua kwa sababu alinieleza, na alikuwa akinieleza upya kila mwaka kana kwamba mimi ndiye mwanafunzi mzito wa darasa lake.

Kitu kingine ambacho hakuna aliyekisahau ni zawadi zake. Kwetu mtu hatembelei watu mikono mitupu. Wengine huja na sukari, wengine na sabuni, na mwenye haraka hununua mkate kwenye duka la kona. Fundi alikuja na kiroba cha samadi. Alikipata machinjioni au kwenye zizi la mtu njiani, akakifunga vizuri nyuma ya baiskeli kwa mpira, na alipofika alikikabidhi kwa mikono miwili, kwa adabu zote, kama mtu anayeleta mchele wa harusi. Siku ya ubatizo wa watoto wangu pacha, Kulwa na Doto, alifika amevaa koti na tai, na kiroba chake mkononi. Mume wangu, ambaye kwao ni Bukoba na huona mambo mengi ya huku kama vichekesho, alikipokea na kukiweka mezani pamoja na zawadi nyingine. Nilikiondoa mimi.

Mtambo wetu aliujenga pacha hao walipokuwa bado wanatambaa, na nakumbuka zaidi kelele zake kuliko kazi yenyewe. Aligonga kila tofali kwa ukucha, akisikiliza. Lililolia vibaya alilirusha pembeni, na mwisho wa siku rundo la matofali yaliyokataliwa lilikuwa refu kuliko kuba lenyewe. Mume wangu alimuuliza kama anajenga shimo la mavi au kanisa. Fundi alisema kanisani ukiacha tundu watu wanaendelea kusali, lakini mtambo ukiwa na tundu la sindano hupiki chai. Alipiga plasta ya ndani tabaka juu ya tabaka, akiwa amejikunja mle chini na taa, na alipotoka alikuwa mweupe wa saruji mpaka kwenye kope. Baadaye alipaka povu la sabuni kwenye kila kiungo cha bomba, akakaa kusubiri aone kama litatoa bubujiko lolote. Hapakuwa na kitu. Aliomba maji ya kunawa, akalala chini ya ukuta wa zizi mpaka jioni.

Neno takataka alikuwa halikubali kabisa. Ukimwambia unakwenda kutupa maganda ya ndizi alikuuliza unakwenda kuyatupa wapi, na ukimjibu kwamba ni shimoni, alitikisa kichwa kwa huruma. Mama yangu, aliyehamia kwangu na ng'ombe wake wawili baada ya baba kufariki, alimwelewa haraka kuliko mimi niliyesoma. Fundi alimchimbia mfereji kutoka mdomo wa mtambo hadi bustanini. Ng'ombe walikula matete yaliyoota kandokando ya mfereji, samadi yao ikapika maharage yetu, tope likarudi kwenye matete na mchicha. Mchicha wa mama ulinenepa mpaka majirani wakawa wanakuja na ndoo kuomba tope. Mama aliyependa sana kuombwa aliwapimia kwa kopo, akiwaeleza namna ya kulitumia kwa maneno ya Fundi, bila kumtaja.

Hata hivyo ni mama huyo huyo aliyeuua mtambo mwaka wake wa pili. Alikuwa ameogesha ng'ombe kwa dawa ya kupe. Maji yaliyobaki, yenye dawa, aliona hasara kuyamwaga wakati samadi inasubiri kuchanganywa, kwa hiyo akachanganyia. Baada ya siku chache moto ukawa wa njano, kisha ukawa wa kubahatisha, kisha ukakoma. Fundi alikuja, akanusa, akauliza maswali mawili tu, akakaa kwenye ukingo wa beseni na kuvua kofia.

"Mama, umewaua wote," alisema.

Mama alikimbilia zizini kuangalia ng'ombe. Ilibidi nimweleze kwamba Fundi anawazungumzia wadudu wasioonekana, wale wanaoozesha samadi na kutoa gesi. Mama alikasirika kwamba mtu mzima anavua kofia kwa ajili ya wadudu, na Fundi alikasirika kwamba yeye hakuona msiba. Hawakusemeshana siku mbili. Siku ya tatu alirudi na ndoo mbili za tope lililo hai kutoka kwenye mtambo wa watu wa Kiseke, amezining'iniza kwenye baiskeli kila upande, na barabara yote ile ya vumbi hakumwaga hata tone. Tulimwaga nje ule uchafu wenye dawa, tukaanza upya. Alikuja kila asubuhi, wiki baada ya wiki, kusikiliza. Asubuhi moja alinigongea dirisha kunitangazia kwamba wameanza kula.

Nisimchore kama mtu asiyekosea, kwa sababu alikosea sana na kwa ukarimu. Kiseke kulikuwa na mama mkaanga samaki, jirani wa shule ninayofundisha, ambaye kila siku alikuwa na ndoo ya matumbo ya sangara asiyojua pa kuyapeleka. Fundi alimshawishi ayatie kwenye mtambo. Wiki ya kwanza gesi ilikuwa nyingi mpaka yule mama akawa anapika huku anaimba. Wiki ya tatu mtambo ulichachuka, na harufu yake iliingia darasani kwangu wakati wa hesabu. Paka wa mitaa mitatu walihamia pale, na korongo wale wakubwa wenye vipara wakapanga mstari juu ya kuba wakisubiri. Fundi alikwenda akasimama mbele ya wateja wa yule mama na kusema kosa ni lake, amemshibisha mnyama kupita kiasi. Kisha akakunja suruali na kuanza kuchota kwa ndoo. Mwaka mwingine alivuta matoroli ya magugumaji kutoka ziwani, akayakatakata kwa panga, akayatia kwenye mtambo wa mtu mwingine. Yalielea yakasukana kama mkeka na kuziba kila kitu. Ilibidi aingie mpaka kiunoni. Alitoka akisema mwaka ujao atayakata madogo zaidi.

Watu walimcheka na mimi nilikuwa mmoja wao. Lakini nilikuwa nampenda pia, na ni afadhali niseme hivyo sasa kabla sijafika kwenye jambo la choo.

Fundi alihubiri choo kuliko alivyohubiri ng'ombe. Alisema mji unakuja, Buswelu haitakuwa ya mifugo siku zote, majani yatakwisha, na siku hiyo mtambo utakaobaki hai ni ule uliounganishwa na choo, kwa sababu watu ndio hawapungui. Alituomba tuunganishe chetu tangu siku ya kwanza. Mume wangu alikubali. Mama alisema siku choo kile kikiunganishwa yeye atarudi kijijini kwa miguu.

Msukuma atamwelewa bila maelezo, ila kwa mwingine yanahitajika. Kwetu mama mkwe na mkwewe wa kiume wanaoneana haya ya kweli. Hawakai kiti kimoja, hawali pamoja, na kutumia choo kimoja ni jambo lisilosemwa hata kwa mzaha. Mama alikuwa na kijumba chake pembeni ya kiwanja, na choo chake nyuma ya kijumba. Mume wangu akiingia getini mama aligeukia ukutani na kuvuta kanga. Wakitaka kuambiana jambo walinitumia mimi, hata sote watatu tukiwa uani. "Mwambie Baba Kulwa ng'ombe wamevunja ugo." "Mwambie mama nimesikia." Sasa mtu wa namna hiyo umwambie apikie uji wake moto uliotoka kwenye choo cha mkwe wake. Fundi alijaribu mara moja tu, kwa lugha ya staha, na mama akamwuliza kama kwao hawakumfunza. Hapo yakaisha. Choo kikabaki choo na mtambo ukabaki wa ng'ombe.

Alipata pa kujaribia shuleni kwetu, ambako vyoo vya wanafunzi viliunganishwa na jiko la uji. Wazazi waliitwa kwenye mkutano, wakafika wamenuna. Fundi alisimama akazungumza vizuri kuliko mwalimu yeyote niliyepata kumsikia. Alieleza kwamba moto hauna kumbukumbu ya ulikotoka, kwamba mchicha wanaokula haujiulizi ulikunywa nini. Wazazi walianza kucheka, wakalegea, na uji ulipogawiwa walikunywa. Mimi nilikuwa nagawa vikombe, nikaona cha Fundi kimewekwa chini ya kiti, kimejaa. Nilipozunguka nyuma ya darasa la tatu nilimkuta amechuchumaa anatafuna mahindi ya kuchemsha aliyokuja nayo kutoka kwake, yamefungwa kwenye gazeti.

"Fundi, mbona uji huunywi?"

Hakujitetea. Alimeza kwanza, kisha akaniambia, "Kichwa kimekubali zamani, Mwalimu. Koo ndilo linakataa."

Nilicheka mpaka nikaegemea ukuta. Tangu hapo nilimchunguza, nikagundua kwamba popote alipounganisha choo hakunywa hata maji ya moto, na kwamba katika miaka yote hiyo hakuwahi kutumia choo cha mteja. Alijibana mpaka nyumbani kwake. Kwetu, kwa kuwa moto ulikuwa wa ng'ombe, alikunywa vikombe vitatu vya chai bila kupumua. Siri yake sikumwambia mtu ila mama, na mama alifurahi kwa wiki nzima.

Na nyumbani kwake kulikuwa na mkaa. Alipanga vyumba viwili maisha yake yote, hakuwa na ng'ombe wala ardhi, na alisema huwezi kuzika mtambo kwenye kiwanja cha mtu halafu ukahama ukauacha. Marehemu mkewe, mwanamke mwenye ulimi, alipenda kuwaambia wageni kwamba mumewe amewasha majiko yote ya Ilemela isipokuwa la kwake. Fundi alicheka pamoja nao. Siku ya msiba wa mkewe tulikaa naye nje ya nyumba, kwenye turubai, wanawake wakipika kwa mkaa uani na moshi ukitujia. Aliniambia, bila mimi kumuuliza, kwamba mtambo wetu ndio anaouhesabu kuwa wake. Wa kwetu ulikuwa haujawahi kulala tangu ile dawa ya kupe. Mingine ilikuwa inakufa mmoja mmoja, viwanja vikiuzwa, mazizi yakigeuzwa fremu za maduka. Alisema siku wetu ukizima asiambiwe na watu wa njiani, nimwambie mimi. Nikamwahidi.

Baadaye alipata kiharusi, kile kidogo kinachoacha mtu na fimbo, na binti yake akamchukua kwenda kuishi naye Nyamagana, ghorofa ya tatu. Alinipigia simu kila Jumapili watu wakitoka kanisani. Alilalamika kwamba akikaa dirishani anaona magugumaji yametanda ziwani, chakula chote kile, na hakuna anayemsikiliza. Kisha aliuliza swali lake.

"Unawaka?"

"Unawaka, Fundi."

"Bluu?"

"Bluu."

Mwanzoni lilikuwa jibu la kweli. Lakini mji ulikuja kama alivyosema. Pale tulipokuwa tunakata majani pakaota nyumba, na wenye nyumba mpya hawakupenda kuamshwa na ng'ombe. Mmoja wa wale ng'ombe alikufa kwa uzee. Wa pili mama hakuweza tena kumhudumia, tukampeleka kwa ndugu zetu Magu, na siku hiyo mama hakula. Penye zizi tukajenga vyumba vya wapangaji. Kwa muda nililetewa viroba vya samadi na kijana wa bajaji, mpaka abiria wake wakamsusa. Moto ulipungua ukawa wa kuchemsha maziwa tu, halafu wa kupasha moto chai, na mwezi mmoja wa kiangazi ulikuwa umezima kabisa. Jumapili ile simu ikalia.

"Unawaka?"

Nilitazama jiko lililokufa. Nikamwambia unawaka. Akaniuliza rangi, nikamwambia bluu.

Niliendelea hivyo miezi mingi, na sijivunii. Kila Jumapili nilijiambia kwamba wiki ijayo nitasema ukweli, na kila Jumapili nilisikia sauti yake ilivyochangamka kwa furaha, nikashindwa. Mama alikuwa akinisikia kutoka kizingitini kwake. Siku moja aliniambia kwamba kudanganya kwenyewe anakuelewa, lakini kumdanganya mzee wa watu hata rangi ni kupitiliza.

Mama mwenyewe alikuwa amerudia mkaa. Mtungi wa gesi tulikuwa nao jikoni kwangu, ila yeye aliuogopa na kuuita bomu. Moto alioukubali ni ule aliokuwa akiulisha kwa mikono yake, na huo haukuwapo. Kifua chake kilianza kukohoa kile kikohozi kikavu, nikamkataza mkaa, akanijibu kwamba amenizaa yeye.

Ikawa mchana mmoja wa mvua. Mimi nilikuwa shuleni, mume wangu alikuwa nyumbani amepumzika kwa kuwa zamu yake bandarini ilikuwa asubuhi. Mama alibandika maharage ndani ya kijumba na kufunga mlango kwa ajili ya mvua. Mume wangu alimsikia akikohoa, halafu akamsikia hakohoi. Alisimama nje ya mlango ule ambao hakuwahi kuuvuka tangu mama ahamie, akaita, hakujibiwa, akaingia. Alimnyanyua na kumtoa, akasimamisha bajaji, akampakata njia nzima mpaka hospitali kwa sababu mama hakuweza kukaa mwenyewe. Nilipofika nilimkuta mama amelazwa na mpira wa hewa puani. Mume wangu alikuwa kwenye benchi, amelowa, amekumbatia kanga ya mama na ndara zake mapajani, hathubutu kuviweka chini. Nilianza kulia hapo hapo, na nilikuwa silii kwa ajili ya ugonjwa peke yake.

Daktari alisema mambo mengi ambayo yote yalikuwa na maana moja, kwamba moshi basi.

Siku ya tatu baada ya kurudi nyumbani, mama aliniita. Alikuwa amekaa kitandani, uso ameuelekeza mlangoni, siyo ukutani.

"Mwambie Baba Kulwa aunganishe choo na ule mtambo."

"Choo kipi, mama?"

"Chake. Na cha wapangaji. Na changu, ya nini kukiacha." Alivuta pumzi. "Mtu amenibeba kama kitoto. Sasa nitaona haya kwa mavi yake?"

Mume wangu alikuwa uani, amesikia kila neno. Kwa desturi alipaswa kungoja nimpelekee ujumbe. Alijibu mwenyewe, kwa sauti ya chini, "Nimesikia, mama." Mama hakuvuta kanga.

Tulimtafuta fundi bomba wa Kiseke, kijana mzuri ila asiyejua mtambo ni kitu gani, na mimi nilimsimamia kwa maneno yote ambayo Fundi alikuwa akinirudilia miaka ile nami nikayadharau. Mteremko wa bomba. Maji kidogo, yasizidi. Wapangaji nikawakataza dawa za kunukishia choo kwa ukali ambao haujaisha mpaka leo. Nilikwenda mwenyewe kuomba ndoo za tope lililo hai, na maganda yote ya mama ntilie wa barabarani nikayaelekeza kwetu. Kisha tulisubiri, na kusubiri kwenyewe kulikuwa kwingi. Asubuhi moja mama aliinama kwenye beseni na kusema wameanza kula.

Ndipo Fundi aliponipigia kuniambia kwamba Jumapili ijayo anakuja. Sikuwa nimemwambia chochote, wala kuzima wala kuwaka. Nilimnunulia soda mbili kwa sababu ya koo lake.

Bintiye alimshusha getini. Alikuwa amekonda, koti lile la ubatizo linamning'inia, na mguu wa kushoto ulikuja nyuma ya fimbo. Hakugeukia mlangoni. Alipita ubavuni mwa nyumba na mimi nikamfuata. Alifika mahali pa zizi akakuta vyumba, kamba ya nguo, na mpangaji mmoja anasuka nywele.

"Ng'ombe wako wapi, Mwalimu?"

"Hawapo, Fundi. Tangu mwaka jana."

"Na ulikuwa unaniambia bluu."

"Nilikudanganya."

Nina miaka mingi ya ualimu, na sikumbuki kuona aibu kama ile. Hakunikaripia. Alikuwa ameshaliona bomba jipya. Alilifuata kwa ncha ya fimbo, kutoka vyoo vya wapangaji, akakuta linapokutana na la nyumba kubwa, akaendelea mpaka lile jembamba linalotoka nyuma ya kijumba. Hapo fimbo ilisimama.

"Hata mama?"

"Hata mama."

Alivua kofia. Halafu akaenda jikoni, akatoa kiberiti. Njiti ya kwanza ilivunjika, ya pili ikazimika, na bintiye aliponyoosha mkono kumsaidia alimtazama mpaka akaurudisha. Ya tatu ilishika. Aliinama vilevile, uso karibu na moto, na nilikuwa bado naogopa kwa ajili ya nyusi zake, ambazo sasa ni nyeupe. Moto ulikuwa wa bluu. Safari hii hakuuzima. Alibandika birika juu yake mwenyewe.

Mama na mume wangu walikuwa wamekaa uani kwenye benchi moja, kila mmoja mwisho wake, katikati pamebaki nafasi ya watu wawili. Fundi aliwasalimia, akakaa katikati. Nilimletea soda. Aliisukuma kando kwa upole na kusema nimpe chai.

Nilimmiminia. Aliishika kwa mikono miwili, akaitazama kama alivyokuwa akitazama samadi kwenye kijiti, akanywa. Mama alikuwa anamwangalia kooni bila kujificha, na mimi pia. Kikoromeo chake kilipanda, kikakaa, kikashuka. Akanywa tena. Alimaliza kikombe chote polepole, akaninyooshea nimwongezee, na kile cha pili alikunywa kama zamani, bila kupumua. Machozi yalikuwa yananitoka na sikuyafuta.

Kisha akaweka kikombe chini, akashika fimbo, akainuka kwa shida. Alikuwa kama mtu mwenye jambo zito la kuomba radhi.

"Nimekuja mikono mitupu leo, Mwalimu. Huyu binti amekataa nipakie kiroba kwenye gari." Alitutazama wote watatu, akatazama bomba. "Choo kiko upande gani?"

Mama ndiye aliyeinuka kumwonyesha.